Pakiti Zilizopotea Jumanne Asubuhi

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza naomba radhi kwa kukawia hivi kukuandikia. Barua yako ya mwanzo wa mwaka nimeilalia chini ya mto mpaka imekunjamana kama uso wangu. Kila siku nasema leo, na kila leo inaniishia mtoto akiwa begani. Najua huo si udhuru. Wapo wenye mapacha na wanaandika.

Mjukuu wako, Bwana Mkubwa, ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwenye kila kitu, mpaka kidevu cha baba yake. Likizo ya uzazi imeisha, nimerudi kazini, na wameniweka tena kwenye majaribio kama mgeni. Asubuhi namwacha kwa jirani, naye ananipungia mkono kama anayefukuza kuku. Mimi ndiye ninayelia njiani.

Kupiga simu nimeshindwa, mama. Nikishinda na simu sikioni kutwa, jioni sikio linakataa. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa dereva wa gari la dawa kwa kuwa anapita kwenye kituo chenu cha afya.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mtandao wenu unasumbua siku za plasta. Poleni sana. Nawaomba tu msiwakasirikie mno wale wanaopokea simu zenu. Wanasoma walichowekewa mbele ya macho. Mtandao ni mambo mengi, na mengine hata sisi huku hatuoni mwanzo wake.

Nimekutumia soksi nilizofuma mwenyewe wakati wa likizo, maana sakafu ya kituo chenu ni baridi. Niambie kama zinatosha. Wasalimie wote.

Ni mimi mwanao.


10 Machi

Kwa Mhudumu wa Wateja,

Marahaba. Barua imefika na soksi zimefika. Zinatosha kidole gumba.

Dereva wa gari la dawa hajakuambia kitu. Nimemuuliza. Mtu yule anashusha maboksi, anapewa saini, anaondoka, na kama tuna mtandao au hatuna hajawahi kujua. Kwa hiyo wewe ulijua kwa njia nyingine, na hiyo njia naifahamu, maana nilikuwa upande wake wa pili.

Nikusimulie ilivyokuwa huku, kwa sababu huko kwako uliona kioo tu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, chumba cha plasta. Mtoto wa mshona viatu amelala mapajani mwa mama yake, miguu yake yote miwili imegeukia ndani kama watu wawili wanaonong'onezana. Mshona viatu mwenyewe amesimama nyuma yao, ananuka gundi, anatutania: "Nesi, nimenyoosha visigino vya mji mzima, hivi viwili tu ndivyo vinanidharau." Daktari wa mifupa yuko kwenye skrini, kule hospitali kubwa, anaangalia vidole vyangu. Hii kazi najifunza kwa macho yake. Ananiambia sukuma hapa, legeza pale, na mimi nafuata. Ndivyo tunavyonyoosha miguu ya watoto hawa, kidogo kidogo, kila wiki plasta mpya.

Plasta ikishalowa haimsubiri mtu. Nimeshazungusha nusu, daktari akaganda. Mdomo wazi, mkono hewani. Sauti ikaja vipandevipande: "Usi... usi..." Usi nini? Usibane? Usiachie? Nimeshika mguu wa mtoto wa watu, nangoja neno, na plasta inageuka jiwe mikononi mwangu.

Mganga mkuu akapiga namba yenu, akaweka spika, chumba kizima kinasikia. Akaninyooshea mimi simu nieleze.

Ukapokea wewe. "Karibu, mteja wetu mpendwa." Nikaeleza. Ukasoma: "Upotevu wa pakiti kwenye mtandao wetu uko ndani ya kiwango kilichowekwa na mkataba. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Mimi nimekuogesha. Nimekukata kucha ukiwa umelala ili usirushe miguu. Nikakujibu, hapana, asante.

Plasta ile tuliilowesha tukaikata. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake alilia bila sauti tangu mwanzo. Kazi ya wiki nzima imekwenda na maji ya beseni.

Sasa jambo lingine unaloweza kunisaidia ni hili. Hizo pakiti ni kitu gani? Nani alizihesabu? Na alipokuwa anazihesabu, alikuwa amesimama wapi?

Ni mimi mteja wenu mpendwa.


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni kazini. Nyumbani ningelia mbele ya mtoto, na siku hizi nikilia naye analia kwa kuniunga mkono.

Nilikujua kabla hujasema neno. Unakohoa kidogo ukishika simu, kama mtu anayepiga hodi. Utaratibu wetu ni mwepesi kabisa. Mteja akiwa ndugu, unasema "Naomba nikuhamishie kwa mwenzangu," unaandika kwenye rekodi kwamba ni ndugu, yamekwisha. Hakuna anayegombezwa. Lakini msimamizi alikuwa ameketi ubavuni mwangu na hedifoni masikioni, anasikiliza simu zangu ili aamue kama nabaki au naondoka. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya homa ya mtoto. Nikaona nikisema tena "huyu ni mama yangu", atasema huyu dada anakuja kazini na nyumba nzima mgongoni.

Nikakuita mteja. Nikamaliza kusoma, msimamizi akaninyooshea kidole gumba. Na mimi nilifurahi, mama. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaona aibu.

Halafu kuna mkunjo mwingine ambao huujui. Simu ikiisha tunachagua neno moja la kuifungia. Nilipaswa kufungua malalamiko na kukupa namba yake. Mimi nikabonyeza "mteja ameridhika."

Sasa maswali yako. Yamenitoa jasho, kwa sababu sentensi ile nimeisoma mara nyingi kuliko jina la mwanangu na sikuwahi kuuliza imetoka wapi. Nimekaa na mkataba wenyewe, ule mrefu wa huduma, nikausoma wakati wa chakula, na pale niliposhindwa nikamfuata fundi wa mitambo ghorofa ya chini.

Ile video yenu haisafiri nzima. Inakatwa vipande vidogo sana, kila kipande kinafungwa peke yake na kuandikiwa kinakokwenda. Hicho ndicho pakiti. Zikifika zote kwa wakati, daktari anasogea na kusema. Zisipofika, anaganda. Upotevu ni zile zilizotumwa na hazikufika. Mpaka hapo hakuna ujanja.

Ujanja uko kwenye maswali yako mawili, nani na wapi. Mkataba unasema upotevu unapimwa kati ya mitambo mikubwa ya kampuni yenyewe. Wanatuma pakiti za majaribio kutoka mtambo wao mmoja kwenda mtambo wao mwingine, wanahesabu zilizofika. Kile kipande cha mwisho, kutoka mtambo wa karibu yenu hadi kisanduku kilichoko ukutani kwenu, hakimo. Ni sawa na wewe uniambie mgonjwa hana homa, na kipimajoto umejiwekea kwapani mwako.

Kisha wanachukua wastani wa mwezi mzima. Saa ambazo kituo kimefungwa na njia ni nyeupe, zinaingia kwenye hesabu. Siku za mapumziko zinaingia. Halafu ndiyo inakuja Jumanne asubuhi yenu, ofisi zote za mtaa zimefunguliwa, kila mtu amejaa kwenye njia ile ile, na pakiti zinaanguka njiani hata moja kwa kila tano. Hata kama wangepima mlangoni kwenu, tia yote sufuria moja ukoroge, Jumanne haisikiki. Kiwango kimetimia.

Kwa hiyo sikukudanganya. Kila neno nililosoma lilikuwa kweli. Nadhani ningeona aibu ndogo kuliko hii kama ningekuwa nimedanganya.

Huko nyuma ya mkataba, mahali ambapo hatufundishwi kusoma, kuna kifungu kingine. Upotevu ukipimwa kwenye kisanduku cha mteja mwenyewe, ukazidi pakiti moja kwa kila kumi kwa robo saa bila kupumzika, hauitwi upotevu tena. Unaitwa kukatika kwa huduma, na haukorogwi na kitu. Ikitokea mara tatu ndani ya siku thelathini tangu malalamiko ya kwanza, kampuni inalazimika kukitengeneza kile kipande cha mwisho. Tangu malalamiko ya kwanza, mama. Na ya kwanza yenu mimi niliyafunga kwa "ameridhika."

Hayo ni yangu na sitafuti wa kunisaidia kuyabeba. Lakini nina swali moja na nitaliuliza kwa adabu zote. Wewe nawe ulinijua. Kwa nini ulinyamaza? Kwa nini uliniambia "hapana, asante" kama mtu wa kupita njia?

Mwanao.


21 Machi

Mwanangu,

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara kadhaa na kuuchana. Mganga mkuu ameuliza kama karatasi za kituo zinaliwa na panya.

Watu wa huku wanajua kwamba binti yangu ni mhandisi wa mtandao. Wamejuaje? Nimewaambia mimi. Uliposema umepata kazi kwenye kampuni ya mtandao, sikukuuliza unafanya nini humo. Niliogopa kuuliza, kwa sababu shule yako ilikatika njiani na aliyekosa kukusukuma mpaka mwisho ni mimi. Nikajishonea jibu ninalolipenda, nikalivaa. Na kituo kilipotafuta kampuni ya kutuunganisha, nilisimama kwenye kikao nikasema, chukueni ile, binti yangu yumo ndani, tukikwama ananyanyua simu tu.

Basi tulikwama. Na simu uliinyanyua.

Ulipomaliza kusoma ile sentensi, mshona viatu aliinua kichwa akasema, "Nesi, mbona sauti kama ya yule binti yako mhandisi?" Kila mtu akanigeukia. Nikacheka kidogo nikamwambia, "Sauti za simuni zinafanana zote, bwana." Akaniangalia. Kisha akaangalia mguu wa mwanawe. Tangu siku hiyo anakuja, anasalimia, anakaa. Hatanii tena.

Wewe ulinikana mbele ya mtu mmoja mwenye hedifoni. Mimi nilikukana mbele ya chumba kizima, na nilikuwa sina hata msimamizi. Nikakuandikia barua ile ya kukuita mhudumu, nikijua wazi kwamba sina mahali pa kusimama. Nisamehe, au ningoje mpaka uweze.

Sasa ya kazi. Kampuni yenu ilituma fundi, kwa ukaguzi wake wa kawaida, si kwa simu yetu. Alikuja Ijumaa alasiri, mtaa umetulia, akaweka simu yake mezani, akaangalia katuni kidogo, akasema, "Mama, hapa mtandao ni maji ya kunywa." Nikamwambia njoo Jumanne asubuhi. Akasema Jumanne ana ratiba nyingine. Jumanne iliyopita daktari aliganda tena, na ile ya kabla yake pia. Siku hizi sithubutu kulowesha plasta mpaka nimwone anapepesa macho.

Hospitali kubwa imetuandikia. Picha zisipotulia mpaka katikati ya mwezi ujao, daktari hataendelea kutuongoza kwa video, na haki yake, hawezi kubeba dhamana ya mguu asiouona. Watoto wote wa plasta watatakiwa wapelekwe kwake kila wiki. Ni safari ya siku nzima kwenda tu. Mshona viatu amesikiliza, akasema hawezi. Kibanda ni yeye na mikono yake, nyumbani kuna wengine wawili wadogo. Akasema, "Basi iache ilivyo, nitamshonea viatu vya kuifuata." Amesema kwa upole kabisa, na huo upole ndio unaonitisha. Miguu ile imeanza kuitikia, mwanangu. Mguu wa kulia umeshageuka karibu nusu. Nauona kila nikiuosha.

Niambie la kufanya. Sikuombi kama mteja.

Mama yako.


28 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hakuna cha kukusamehe ambacho mimi mwenyewe sikitafuti kwako, kwa hiyo tuache tukiwa sawa. Ila mhandisi umzike. Nakuomba kabisa. Ninapokea simu, na nikiifanya vizuri ni kazi ya heshima. Siku ile sikuifanya.

Nilimfuata msimamizi nikamweleza yote. Alivua hedifoni taratibu. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza ili nione unavyofanya mambo magumu, dada." Akafungua rekodi ya simu yako. "Ukitaka hii ibadilishwe, jina lako linakaa hapo juu. Simu ya ndugu, hukuihamisha, na umeifunga kwa neno lisilo la kweli. Na uko kwenye majaribio."

Nikamwambia likae.

"Una mtoto mdogo," akasema, si kwa ubaya.

Nikamjibu kwamba mwanangu ameanza kujivuta asimame kwa mguu wa kiti. Akaniangalia kama mtu ambaye hajajibiwa, lakini akaibadilisha. Mimi wataniita wiki ijayo. Baba yake mtoto anajua. Usianze kuniwazia, nitakuambia yakishakuwa.

Kwa hiyo malalamiko yenu sasa yanahesabiwa kuanzia siku ile ya simu, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Kama tungeanza kuhesabu leo, mwezi ujao ungefika katikati nanyi bado hamjatimiza. Mkianzia siku ile, Jumanne zenu tatu mnazo tayari, mradi tuzithibitishe. Yule fundi wa katuni msimjali, kipimo cha simu ya mkononi hakikubaliki. Kinachokubaliwa ni cha kisanduku chenyewe, na kisanduku hujipima na kutunza kumbukumbu zake wiki kadhaa. Nimezungumza na fundi wa ghorofa ya chini. Karatasi zikinifikia zimetimia, yeye mwenyewe atakuja kufunga waya mpya, na atakuja Jumanne asubuhi.

Dereva wa gari la dawa anarudi huku Alhamisi. Mpe hivi:

Picha ya lebo iliyo chini ya kisanduku, namba zote zisomeke. Inameni mkipige picha kutoka chini kwa simu. Msikichomoe kukigeuza, kikizimwa kinasahau kila kitu, na mwambie anayefagia asikiguse kabisa.

Kumbukumbu za kisanduku za zile Jumanne tatu. Mganga mkuu ana neno la siri la kukifungua. Achapishe kurasa zote, hata zile anazoona hazina maana.

Barua fupi ya daktari wa mifupa kwamba siku hizo hizo yeye naye aliona umeganda. Sikuwahi kufikiria hilo, mama, kwamba huko kwake uliyeganda ni wewe, na mguu wa mtoto mkononi.

Zile soksi. Nitazifumua nianze na miguu yako halisi, kwa hiyo weka na uzi uliokatwa kwa urefu wa wayo wako, kisigino mpaka dole.

Saini yako kwenye karatasi ya malalamiko niliyoiweka humu, penye neno mlalamikaji.

Na saini nyingine ya shahidi. Kwa kuwa sisi ni mama na mwana, yako peke yake haitoshi. Inatakiwa ya mtu asiye ndugu yetu, aliyekuwepo chumbani na kuisikia ile simu kwa masikio yake. Nataka ya mshona viatu. Karatasi inasema wazi kwamba aliyepokea ni binti wa mlalamikaji, lakini usimwache ayakute humo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hujampa kalamu.

Mwanao,
mhudumu wa wateja.